Miaka Miwili au Miaka Sabini?

Nyumbani kwetu hapa Brussels kuna sanduku la buluu ambalo kwa miaka 20 lilikaa juu ya kabati la chumba cha kulala. Tumehama nyumba mara nne ndani ya mji huu. Kila mara sanduku lile lilitoka la mwisho katika nyumba ya zamani, na kila mara lilipandishwa kabatini la kwanza katika nyumba mpya. Watoto walijua kwamba haliguswi.

Ndani yake kulikuwa na doti mbili za kitenge. Mama yangu alinikabidhi mwezi wa Juni 2004 tukiwa karibu na daraja la Ruzizi, siku ambazo askari wa Nkunda na Mutebusi walikuwa wameuteka mji wetu wa Bukavu. Mimi nilikuwa navuka kwenda Cyangugu na binti yangu wa miaka minne mgongoni. Mama alikataa kuvuka. Alisema kama wote tukiondoka, nani atabaki na nyumba? Akanipa vile vitenge vimefungwa kwenye gazeti, akasema, "Hivi ni vya arusi ya huyu mtoto. Usivishone mpaka siku hiyo. Na mimi nitakuwapo."

Maneno hayo matatu ya mwisho ndiyo yaliyolishikilia sanduku kabatini. Nataka kuwaeleza jinsi lilivyoshuka, na jinsi manabii wa Kiyahudi waliohubiri wakati wa uhamisho wa Babeli walivyohusika.

Mwezi wa Desemba 2024 tulipata mgeni katika kikundi chetu cha maombi. Ni mhubiri anayezunguka katika nchi za Ulaya, mtu mpole, mwenye sauti nzuri. Usiku wa mkesha alisimama akasema Bwana amemwonyesha njia ya mashariki ya Kongo ikifunguka. Alisema kabla ya Pasaka sisi watu wa Kivu tutakuwa tunatafuta tikiti za kurudi. Ukumbi mzima ulilipuka. Kina mama walipiga vigelegele, wanaume wazima walilia. Mume wangu aliinua mikono yote miwili. Mimi pia nilisema Amina, na niliisema kwa moyo wote.

Sasa sikieni tatizo letu. Binti yangu yule wa mgongoni ana miaka 25. Ameposwa na kijana ambaye wazazi wake ni wa Uvira, aliyekulia Liège. Mahari ilishaletwa. Walikuwa wamekubaliana wafunge ndoa mwezi wa Mei 2025. Hapa Ubelgiji mnaanza kwa kutoa tangazo la ndoa kwenye komini, na kutoka hapo mna miezi 6 tu ya kufunga ndoa, la sivyo mnaanza upya. Tulikuwa tumekwisha kuwaahirisha mara mbili, kwa sababu kila mwaka tulisema, "Ngojeni kidogo, hali itulie, tukafanyie nyumbani mbele ya bibi."

Baada ya mkesha ule, mume wangu alimpigia simu mama yangu asubuhi ileile. "Mama, Agosti tunakuja. Arusi itakuwa Bukavu." Kisha akawaita wale vijana, akawaambia wasiende komini. Kijana aliinamisha kichwa akasema, "Sawa, baba." Binti yangu alinifuata jikoni. Hakupandisha sauti. Alisema, "Mama, mimi Bukavu naijua kwa simu tu. Ninyi mnarudi. Mimi narudi wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilimwambia aniletee vitunguu.

Mwezi wa Januari ilikuwa zamu yangu kuongoza somo la kina mama. Ratiba yetu ilikuwa imefika katika kitabu cha Yeremia, sura ya 28 na ya 29. Nilifurahi, kwa maana sura ya 29 naijua. Nani kati yetu haijui? Mstari wake wa 11, ule wa Mungu kuwawazia watu wake mema na kuwapa tumaini, umetundikwa katika sebule nyingi za wahamiaji. Kwetu uko juu ya televisheni, kwenye kitambaa kilichodariziwa. Lakini nilipokaa kuandaa somo, nilisoma mstari wa 10, ulio kabla yake. Mstari wa 10 unasema miaka 70. Sijawahi kuona sebule ambayo imetundikwa mstari wa 10.

Nikarudi nyuma, nikaanza tangu sura ya 28. Mwaka 597 kabla ya Kristo, Nebukadreza mfalme wa Babeli alikuwa amemchukua mfalme kijana Yekonia, ambaye pia huitwa Yehoyakini, pamoja na wakuu na mafundi wa Yerusalemu. Miaka michache baadaye nabii aitwaye Hanania alisimama hekaluni mbele ya makuhani na watu wote. Alisema Mungu ameivunja nira ya Babeli, na kwamba ndani ya miaka miwili mfalme, mateka na vyombo vya hekalu vyote vitarudi. Akachukua nira ya mti iliyokuwa shingoni mwa Yeremia, akaivunja. Nawaza kwamba siku ile hekaluni palikuwa na vigelegele.

Jibu la Yeremia ndilo lililonishangaza. Alisema Amina. Alisema angependa Mungu afanye hivyo hasa. Kisha akakumbusha kwamba nabii anayetabiri amani hujulikana neno lake linapotimia, akaenda zake. Hakuwa na neno la kumjibu wakati ule, na hakulitunga. Neno lilimjia baadaye, likampinga Hanania. Ndipo tunasoma barua aliyowapelekea mateka kule Babeli. Kwa ufupi aliwaambia wajenge na kulima, waoe na kuozesha wana wao na binti zao, waongezeke, na wauombee heri mji ule ule uliowachukua mateka, kwa sababu heri yao imo ndani ya heri ya mji huo. Na kurudi kutakuwapo, ila ni baada ya miaka 70.

Ndugu zangu, fanyeni hesabu. Mtu wa miaka 30 akiambiwa miaka 70, ameambiwa kwamba atazikwa hapo. Ndiyo maana barua ile haikupendwa. Sura hiyohiyo inasema mateka mmoja, Shemaya, aliandika Yerusalemu kulalamika kwa nini Yeremia hajakemewa kwa kuwaambia watu kwamba uhamisho ni mrefu. Namwelewa Shemaya. Ningeipokea mimi barua ile mwaka 2004, ningeichana.

Maana mwaka ule nilikuwa Petit-Château, kituo cha kupokelea waomba hifadhi hapa Brussels, jengo lenye minara kama ngome, lililo kando ya mfereji. Jioni nilikuwa nikimchukua mtoto tunatembea ukingoni mwa maji, tunatazama majahazi ya mizigo yakipita. Nilikuwa nahesabu miezi. Nilijiambia miezi 6, halafu mwaka, halafu miwili. Sikutaka kujifunza Kiholanzi, na Kifaransa nilikuwa nacho tayari. Sikununua hata sufuria kubwa. Sufuria kubwa ni ya mtu anayekaa.

Wakati naandaa somo nilisoma pia Ezekieli, na hapo nilikutana na maji yangu. Ezekieli alikuwa kuhani, alichukuliwa pamoja na mfalme Yehoyakini, na maono yake ya kwanza aliyapata kando ya mto Kebari. Wataalamu wanasema Kebari ulikuwa mfereji uliochimbwa kwa ajili ya kumwagilia mashamba, karibu na mji wa Nipuri. Jina lake linapatikana katika vibao vya udongo vilivyochimbuliwa huko mwaka 1893. Basi kumbe alisimama kando ya mfereji kama mimi.

Ezekieli hutaja tarehe kuliko karibu nabii mwingine yeyote. Anasema mwaka wa 5 wa uhamisho, mwezi wa 4, siku ya 5. Wataalamu huiweka mwaka 593 kabla ya Kristo. Anataja pia mwaka wa 30, na wengi huuchukua kuwa umri wake. Katika kitabu cha Hesabu, miaka 30 ndio umri ambao Walawi walianza kazi ya hema ya kukutania. Kama ni hivyo, mwaka ambao angeingia kazini hekaluni alikuwa mbali na hekalu, kwenye nchi ambayo watu wake waliiona najisi. Na mbingu zikafunguka hapohapo.

Nikalinganisha tarehe. Hanania alitoa unabii wake mwaka wa 4 wa mfalme Sedekia, mwezi wa 5. Maono ya Ezekieli yalikuja karibu mwaka mmoja baadaye, wakati ile miaka miwili ya Hanania haijaisha. Huenda kule Babeli kulikuwa na watu wanaohesabu siku, mizigo imefungwa, wanatazama upande wa Yerusalemu. Katika mwaka huohuo utukufu wa Mungu ulikuja upande wao, na haukuja kuwachukua. Ulikuja kuwa nao mahali walipo.

Nilifundisha somo hilo Jumamosi ya tarehe 25 Januari. Kina mama walisikiliza vizuri, lakini nilipofika kwenye miaka 70 mmoja alisema, "Dada, hayo ni ya Wayahudi. Sisi tumepewa Pasaka." Tukacheka. Siku mbili baadaye, tarehe 27, M23 waliingia Goma. Tarehe 14 Februari walifika Kavumu kwenye uwanja wa ndege, na Jumapili ya tarehe 16 Bukavu ilikuwa mikononi mwao.

Katika Ezekieli sura ya 33, habari za kuanguka kwa Yerusalemu zililetwa na mtu mmoja aliyeponyoka, akafika mwaka wa 12 wa uhamisho, mwezi wa 10, siku ya 5. Miezi mingi ilipita kati ya mji kuanguka na mateka kujua. Sisi tulijua kabla moshi haujatawanyika. Jumapili ile simu yangu ilipokea video zaidi ya 40. Nilimwona mtoto amebeba gunia la unga lililotoka kwenye ghala lililovunjwa. Niliona barabara ninayoifahamu, na watu nisiowafahamu wakiwa na bunduki wanapita taratibu. Lakini mama yangu hakupatikana kwa siku tatu. Kuona mji wote na kutomwona mtu mmoja ni mateso ambayo Ezekieli hakuyajua.

Kuna jambo moja nililifanya kwa mfano wake. Katika sura ya 24 Mungu anamwamuru aandike tarehe ya siku ileile ambayo mfalme wa Babeli alianza kuuzingira Yerusalemu. Hapewi maelezo ya kufariji. Anaambiwa aandike tarehe. Nilichukua Biblia yetu ya familia, na kwenye ukurasa wa mwanzo, chini ya tarehe za kuzaliwa za watoto, nikaandika 16/2/2025.

Juma lililofuata kikundi cha maombi kilikutana, na hasira ilikuwa nyingi. Wengine walitaka yule mhubiri asikanyage tena. Wengine walisema njia iliyofunguka ni ya kiroho, hatukuelewa. Mmoja akasema Pasaka bado, tusimhukumu. Kisha wakaanza kumtaka mtu mwingine atoe neno, mtu yeyote, papo hapo. Ndipo mzee mmoja wa Bukavu, ambaye tunamwita Baba Mzee na huwa haongei sana, alifungua Yeremia 42. Huko Yerusalemu imekwisha kuteketea, watu waliosalia wanamwomba Yeremia awaulizie Mungu waende wapi. Wako katika hatari, wanataka jibu leo. Neno la Bwana lilimjia Yeremia baada ya siku 10.

"Siku kumi," Baba Mzee alisema. "Nabii mzima, watu wanakufa, na alikaa siku kumi bila neno. Sisi hatuwezi kukaa jioni moja?" Tukaomba kimya mpaka saa nne ya usiku. Nilikuwa sijawahi kuona kikundi chetu kikiwa kimya namna ile.

Katika ukimya huo nilijikuta simkasirikii mhubiri. Naamini alitupenda. Alituona tumechoka akasema kile ambacho sisi wenyewe tulikuwa tunakitaka. Nilikuwa na hesabu yangu fupi tangu kule kwenye mfereji, na kila aliyenipa hesabu fupi nilimpokea. Lakini wakati mimi nahesabu, mtoto wangu alikuwa anakua, na nilikuwa nimemgeuza kuwa mtu wa kungoja. Vile vibao vya udongo vya Babeli vinaonyesha kwamba mateka wengi waliishi. Vibao vilivyochimbuliwa na Wajerumani mjini Babeli vinamtaja mfalme Yehoyakini na wanawe wakipewa mgao wa mafuta. Vingine, vilivyoonyeshwa katika jumba la makumbusho Yerusalemu mwaka 2015, vinatoka kwenye kijiji kilichoitwa Mji wa Yuda, huko huko Babeli, na kimojawapo ni cha mwaka 572 kabla ya Kristo. Wanalima, wanalipa kodi, wanakopeshana, wanagawana urithi. Yerusalemu ilikuwa haijapita miaka 15 tangu ianguke. Na waliporudi baadhi yao, baada ya Koreshi wa Uajemi kuiteka Babeli mwaka 539, waliorudi wengi walikuwa watoto na wajukuu wa watu walioozeshwa ugenini. Kama wazee wao wangengoja, nani angerudi?

Mama alipatikana siku ya nne. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Tuko, mwanangu. Tunapumua."

"Mama, tutume nini?"

"Musitume kitu sasa, banki zimefungwa. Niambie, yule mtoto ameolewa?"

Nikanyamaza. Nikamwambia tulikuwa tunamngoja yeye, kwamba alisema atakuwapo. Alikaa kimya kwa muda mrefu, nikadhani mtandao umekatika.

"Nilisema hivyo darajani," alijibu. "Nilikuwa nakupa nguvu ya kuvuka. Sasa wewe umelichukua neno la kuvukia, umelifanya la kukalia. Muozeshe mtoto. Mimi nina miaka 78, na vita ni vya wanaume, haviulizi kalenda yangu. Nitakuwapo kwa simu. Kama simu itakataa, nitakuwapo hivyohivyo."

Mume wangu alikuwa amekaa pembeni, simu iko kwenye kipaza sauti. Hakusema lolote. Alisimama, akaenda chumbani, nikasikia kiti kikisogezwa. Alirudi na sanduku, amelibeba kwa mikono miwili kama mtu anayebeba mtoto aliyelala. Gazeti lilikuwa limekuwa la rangi ya chai. Vitenge vilitoa harufu ya nondo na, naapa, ya moshi wa jiko la mama.

Binti yangu na mchumba wake walikwenda komini mwezi wa Machi. Nilivipeleka vitenge Matonge kwa fundi, katika mtaa ule wa Ixelles ambao wenzetu waliupa jina la mtaa wa Kinshasa. Hao nao walifanya kama barua ya Yeremia inavyosema, bila kuisoma: walifika, wakafungua maduka, wakaupa mtaa jina. Fundi aliviangalia akasema chapa hii haipatikani tena, nikate kwa uangalifu.

Pasaka ilifika tarehe 20 Aprili. Hakuna aliyenunua tikiti. Nilikutana na mhubiri baada ya ibada, tukasalimiana. Alisema, "Dada, niliona kweli." Nikamwambia, "Amina, baba. Bwana na afanye hivyo." Sikumdhihaki. Bado nataka iwe kweli.

Ndoa ilifungwa Jumamosi moja ya mwezi wa Juni. Kwenye komini tulimpigia mama kwa video. Alikuwa amevaa kitambaa kichwani, ameketi uani, majirani wamemzunguka. Alimwona mjukuu wake amevaa kitenge kile, akaanza kupiga kigelegele, na katikati ya kigelegele mtandao ukakatika. Hatukumpata tena mpaka kesho yake. Binti yangu hakulia. Alikimaliza kile kigelegele yeye mwenyewe, mbele ya ofisa wa komini, ambaye alitabasamu na kungoja.

Sanduku la buluu sasa halipo kabatini. Maharusi walilichukua kwenda nalo Ostend, siku tatu baharini, na hawajalirudisha. Bukavu bado haijatulia, na nyumba ya mama bado ina mama. Tunaomba kila jioni kwa ajili ya mji ule. Mwaka huu tumeanza kuuombea na mji huu pia, kwa jina lake, Brussels, jambo ambalo kwa miaka 20 hatukulifanya hata mara moja. Na nimenunua sufuria kubwa.

Je, ndugu msomaji, kwako kabatini kuna nini?